Sista Yusta, Kemia na Kiti cha Nyuma

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Bi. Yusta Melkizedek, Mkufunzi Mkuu wa wahudumu wa dharura katika Kituo cha Dharura Njiapanda, Mikumi, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Bodi, uongozi na wafanyakazi wote tunamuaga kwa furaha, na kwa wivu kidogo, maana kuanzia Julai yeye atalala mpaka jua liwake na sisi tutaendelea kukurupuka kila simu inapolia. Uongozi umeniomba mimi, dereva wake, Mwinshehe wa Magole, niandike wasifu huu kwa sababu nimekaa naye gari moja kuliko mtu mwingine yeyote. Umeniomba pia nisitie chumvi. Nitajitahidi, ingawa mtu wa bondeni akisimulia habari za mtu wa milimani bila chumvi hata msikilizaji hushtuka.

Bi. Yusta alizaliwa milimani juu ya Kilosa, kwa wazazi waliolima maharage na mahindi na hawakukosa ibada ya Jumapili hata mvua ikinyesha ya mawe. Shule ya misheni ilimfundisha kuimba sauti ya pili, kunyoosha shuka bila mkunjo na kujibu swali kwa sentensi kamili. Hadi leo mwanafunzi wake akijibu swali kwa kutikisa kichwa, anaambiwa kichwa hakina ulimi, arudie. Alimaliza kidato cha nne akiwa amefaulu vizuri Kiswahili, Historia na Baiolojia, Fizikia akaipita kwa kuinama, na Kemia akapata F. Naomba msomaji aiweke akilini hiyo F, maana ilimsumbua kuliko binadamu yeyote atakayetajwa hapa.

Aliajiriwa na shirika letu kama mhudumu wa wodi katika zahanati yake ya Kilosa mjini. Alipiga deki, alifua, alipeleka uji kwa wagonjwa na kuwageuza wale wasioweza kujigeuza. Shirika lilipofungua kituo hapa njiapanda, pale barabara ya Kidodi inapoachana na barabara kuu, alihamishiwa huku pamoja na ndoo zake. Gari la wagonjwa la wakati huo lilikuwa pikapu yenye godoro nyuma na ubao wa kukalia. Hapakuwa na mtu aliyepangiwa kukaa kwenye ule ubao. Simu ikija, aliyekuwa karibu ndiye aliyepanda, na Yusta alikuwa karibu kila siku. Wagonjwa wakaanza kumwita Sista, na ingawa yeye si mtawa na hakuwahi kuwa muuguzi, jina likamganda.

Wasomaji wa Mikumi hawahitaji kuelezwa barabara yetu. Kuna malori ya Tunduma, mabasi yanayokimbizana, nyati wasiojua alama za barabarani, na ukikata kuelekea Kidodi kuna miwa inayodondoka kutoka kwenye malori na waendesha baiskeli wanaoifuata. Sista alijifunza kazi kwa kuifanya na kwa kuwauliza madaktari maswali mpaka wakawa wanamkwepa kwenye korido. Kitu kimoja hakufundishwa na mtu. Kila alipomfikia mgonjwa aliyemzidi umri, kabla hajamgusa, alisema shikamoo. Wenzake tulidhani ni adabu za kimisheni zisizojua wakati. Siku moja, tukiwa tumeinama juu ya mzee wa kijiji cha Ulaya, Ulaya ya hapa hapa Kilosa, aliyeangukiwa na mkokoteni, akatueleza kwa ukali kwamba mzee wa huku hata akiwa anakufa hawezi kuacha shikamoo bila jibu. Akiitikia marahaba, basi hewa inapita, masikio yanasikia na akili ipo. Asipoitikia, kimbia. Tangu siku ile hakuna aliyemcheka.

Miaka kumi na miwili iliyopita bodi yetu ilitoa agizo jipya. Baada ya miaka miwili, hakuna mtu atakayekaa nyuma ya gari la wagonjwa bila cheti cha mhudumu wa dharura. Tulinung'unika sana, lakini tuseme ukweli, bodi ilikuwa sahihi: barabara ilikuwa imechangamka, vifaa vilikuwa vimeongezeka, na huwezi kumkabidhi mtu mtungi wa oksijeni kwa sababu tu alikuwa karibu. Masharti ya kuingia kwenye mafunzo ya cheti yalibandikwa ukutani. Awe ametimiza miaka kumi na minane, awe na afya njema ya kubeba machela, awe na ufaulu wa kidato cha nne ikiwemo Baiolojia, Fizikia na Kemia. Sista alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Kemia ilikuwa bado ipo.

Uongozi ulimhakikishia kwamba asingepoteza ajira. Angerudi kufua mashuka, mshahara ule ule. Wengine wangeshukuru. Yeye aliniambia, tukiwa tumekaa kwenye bampa la gari tukimenya machungwa, kwamba kufua hakukuwahi kumtisha. Kilichomtisha ni kusikia king'ora kikitoka getini huku yeye ameshika shuka mbili za kuanika. Alikuwa na miaka arobaini na minane. Nilimwambia kwa kumtania kwamba umri huo watu wanasubiri wajukuu, hawasubiri matokeo ya kidato cha nne. Hakucheka, na mimi nikaacha kumenya.

Akajiandikisha kurisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea. Masomo ya jioni hapa Mikumi yalikuwa yamejaa vijana waliozaliwa yeye akiwa tayari ana mtoto. Ikawa taabu ya aina yake, kwa sababu walikuwa wamelelewa vizuri. Kijana akitaka kumrekebisha ilibidi kwanza asimame. Shikamoo mama, anasema. Marahaba mwanangu. Samahani mama, hapo kwenye valensi umekosea. Kundi lao lilikuwa la mwisho kumaliza maswali kila jioni, maana kila kosa la Sista liligharimu salamu nzima. Mwishowe yeye mwenyewe akatangaza kwamba asalimiwe mara moja tu mlangoni, baada ya hapo makosa yamiminike bila itifaki.

Nyumbani mwalimu wake alikuwa binti yake Anitha, wakati huo akiwa kidato cha tatu. Anitha alimfundishia jikoni. Siki na magadi vikawa asidi na besi, masizi ya sufuria yakawa kaboni, na kuna jioni maharage yaliungua kwa sababu mama na mwana walikuwa wanabishana juu ya kutu. Majirani walisema Sista amechanganyikiwa, anaongea na chumvi. Yeye hakujali, na siku ya kwanza alipousawazisha mlinganyo wa kemia bila kusaidiwa aliwapigia simu watu wa milimani kuwapa habari, nao wakamwuliza mgonjwa ni nani.

Siku ya mtihani aliingia kwenye chumba akiwa amevaa sketi yake ya kanisani, miwani na uso wa kazi. Watahiniwa wote wakasimama. Walidhani ndiye msimamizi. Sista akawaruhusu wakae, wakakaa, kisha na yeye akatafuta namba yake akakaa kati yao, na chumba kizima kikaangua kicheko mpaka msimamizi wa kweli alipoingia na kukuta watu wana furaha isiyo ya kawaida kwa Kemia.

Matokeo yalipotoka nilikuwa chini ya gari nabadilisha oili. Sista aliingia getini, hakusalimia mtu, akafungua mlango wa mbele na kuwasha king'ora. Watu walitoka mbio na machela, mganga mfawidhi akatoka na kijiko mkononi, mimi nikagonga kichwa kwenye chasisi. Alipokizima akasema neno moja, "C!" Mganga mfawidhi alimkaripia kwa kutumia king'ora bila dharura, kisha akamkumbatia, kisha akakumbuka kumkaripia tena.

Hapa niwape vijana faida, maana kila wiki kuna anayekuja kuuliza getini. Ukimaliza kidato cha nne na masomo yale matatu ya sayansi yakiwa yamekubali, unaomba moja kwa moja mafunzo ya cheti, ya mwaka mmoja, darasani, hospitalini na barabarani. Kama tayari ni muuguzi au tabibu, unaongezea mafunzo ya dharura juu ya ulichonacho. Kama ni mhudumu wa wodi, dereva au fundi cherehani mwenye F inayokunyima usingizi, unairisiti hiyo F, kisha unapanga foleni na wenzako. Baada ya cheti na uzoefu, anayetaka anaendelea na stashahada. Hayo ni masharti ya kituo chetu na chuo tunachoshirikiana nacho. Kwingine ulizeni wenyewe. Sista hupenda kusema mlango ni mmoja ila ngazi ni nyingi, na yeye ndiye ushahidi, kwani alipanda ngazi ambayo wengi wetu hata hatukuwa tunajua ipo.

Mwaka wa chuo ulikwenda vizuri. Alilala bweni moja na mabinti wa miaka ishirini, akawafundisha kunyoosha shuka, nao wakamfundisha kompyuta, kwa machozi ya pande zote mbili. Mafunzo yalikwisha wiki chache tu kabla ya ile miaka miwili ya bodi kutimia. Kikabaki kitu kimoja: zoezi la mwisho la vitendo, lililopangwa kufanyika kwenye ukingo wa shamba la miwa, Kidodi. Akifaulu, anarudi kwenye kiti chake. Akishindwa, siku ya agizo itamkuta hana cheti.

Zoezi lilikuwa hivi. Pikipiki imegongana na lori la miwa, majeruhi mmoja amezimia, mhudumu anafika na gari, anamhudumia na kumpakia mbele ya wasahihishaji. Majeruhi alikuwa Filipo, mlinzi wetu, mtu anayependa kuigiza kuliko kulinda. Damu ilitengenezwa kwa rozela iliyochemshwa na kukolezwa unga wa muhogo, na ilikuwa damu nzuri kuliko ya kweli. Filipo aliagizwa asitikisike mpaka aambiwe. Taarifa ilipelekwa ofisi ya kijiji na mwenyekiti akaipokea kwa mikono miwili. Lakini ile ilikuwa siku ya gulio, na gulioni taarifa haikufika.

Wamama waliokuwa wanarudi na mizigo yao wakamkuta kijana amelala pembeni ya miwa analowa damu, na hatua chache kutoka kwake watu watatu waliovaa vizuri wamesimama na kalamu. Walichokisema kwa wale wasahihishaji hakiandikiki katika jarida la kituo. Nitaandika tu lile la adabu: "Mnaandika nini na mtu anakata roho?" Bwana Boniface, msahihishaji mkuu, alijaribu kueleza, lakini nani atamsikiliza. Mmoja akafungua khanga yake ya pili akamfunika Filipo kifua. Wa pili, alipoona hatikisiki kabisa, akaipandisha mpaka usoni. Hapo kilio kikaanza. Wakaja wakata miwa, wakaja wenye baiskeli, mzee mmoja akaanza kuuliza marehemu ni wa ukoo gani na kuni zitatoka wapi, na chini ya khanga Filipo, mtiifu wa maagizo, akaendelea kuwa maiti.

Akatokea Bibi Costancia, muuza ndizi, aliyekuwa hajatia kitu tumboni tangu alfajiri. Aliona mabuti ya mpira yaliyochomoza kwenye khanga, mabuti kama ya mjukuu wake anayekata miwa, akapiga ukelele na kuanguka.

Hapo ndipo tulipofika na king'ora chetu. Sista aliruka chini na begi lake, akaenda moja kwa moja kwa majeruhi wa mtihani kama alivyofundishwa. Akainua khanga. Filipo amesimulia mara nyingi kwamba alifungua jicho moja kumpa salamu. Sista alimtazama, akasikia nyuma yake watu wakiita bibi, bibi, akageuka akaona. Akamfunika Filipo tena uso na kumwacha.

Akapiga goti kwa Bibi Costancia. Shikamoo bibi. Kimya. Shikamoo bibi. Kimya. Nilimjua Sista vya kutosha kuona mgongo wake ulivyobadilika. Akamlaza bibi ubavu, akasafisha kinywa, akapima sukari, nayo ilikuwa imeshuka mpaka mahali pabaya, akatafuta mshipa na kuning'iniza dripu ya glukosi. Wakati huo huo alikuwa anaamrisha. Wenye khanga wazishike ziwe ukuta watu wasichungulie, wakata miwa wanne waje kwenye machela, wawili wafungue njia, na yule mzee wa kuni apunguze sauti. Umati uliokuwa unalia ukawa timu. Tukampakia bibi na kuondoka, na wasahihishaji wakabaki na kalamu zao.

Filipo, aliposikia gari linaondoka bila yeye, akaona mtihani umekwisha. Akaketi. Inasemekana ndala zilizookotwa pale ziliwatosha watu kwa msimu mzima. Umati uliingia kwenye miwa kama mvua iliyopulizwa, akabaki yule mzee wa kuni tu, ambaye miguu ilikataa. Filipo, akiwa amejaa rozela mpaka masikioni, akakumbuka malezi yake na kusema shikamoo. Mzee akaitikia marahaba akiwa amekumbatia muwa.

Njiani Bibi Costancia alifumbua macho. Kitu cha kwanza alichouliza ni nani amebaki na ndizi zake. Sista akacheka mpaka akalia, na mimi mbele nilikuwa nalia bila kupitia kucheka. Mjukuu wake alikuwa mzima, alikuwa mashambani na mabuti yake mwenyewe, akafika hospitalini jioni ile.

Sasa matokeo. Bwana Boniface ni mtu mwema, na alichokifanya alikifanya kwa masikitiko, lakini karatasi ya usahihishaji ilikuwa na mgonjwa mmoja tu, na mgonjwa huyo aliachwa chini ya khanga. Alimwita Sista akamwambia kwamba yeye binafsi angempa alama zote, ila kanuni hazina sehemu ya kuziandika. Arudie zoezi baada ya miezi mitatu. Sista akamjibu kwamba anakubali kurudia, ila yeye aende na hiyo karatasi kwa wakubwa wake akawaulize, kati ya rozela na bibi wa watu, wao wangemchukua nani.

Miezi ile mitatu ilikuwa migumu, na sioni sababu ya kuipamba. Agizo la bodi lilianza kutumika. Sista akarudi kwenye mashuka. Kila nilipotoka na king'ora nilimwona kwenye kamba ya nguo, amesimama, mikono juu, hatikisiki. Watu walimwambia wangekuwa wao wangemalizia mtihani kwanza. Alikuwa anajibu kwamba hata wakirudisha siku ile mara kumi, mara zote kumi Filipo angefunikwa.

Akarudia. Safari hii uwanjani chuoni, na mwanasesere wa plastiki asiye na bibi. Alipata alama za juu kuliko wote wa mwaka ule. Na karatasi ya usahihishaji wa zoezi hilo ikabadilishwa. Mwaka uliofuata ilikuwa na sehemu mpya inayomtaka mtahiniwa aonyeshe atafanya nini mgonjwa wa pili akitokea. Bwana Boniface ndiye aliyeipigania, na kwenye mahafali alitangaza mwenyewe imetoka wapi. Bibi Costancia alikuwepo, kwenye viti vya familia, na jogoo aliyemletea Sista. Jogoo yule aliwika katikati ya hotuba ya mgeni rasmi mara nyingi kiasi kwamba hotuba ilifupishwa, na wahitimu wengi walimshukuru bibi kwa hilo.

Mtu mwingine angetulia na cheti chake. Sista alisoma stashahada, akawa mkufunzi, kisha akafungua lile ambalo Kilosa nzima inalijua kama Darasa la Jumamosi, kwenye ukumbi wa kanisa karibu na stesheni ya reli. Ni darasa la kurisiti sayansi, bila ada, kwa yeyote anayetaka kazi yetu na hana vigezo. Wamepita humo waendesha bodaboda, wahudumu wa wodi, wakata miwa, mama mmoja wa kifugaji aliyekuwa anakuja na mtoto mgongoni. Mwandishi wa wasifu huu naye alipita. Baiolojia alifaulu, na Fizikia bado tunazungumza.

Ukifaulu karatasi, ulikuwa bado hujamaliza na Sista. Kabla hajaandika barua ya kukupendekeza chuoni, alikuwekea beseni la maji juu ya machela, lililojaa mpaka ukingoni, ukalibeba na mwenzako kutoka barabarani kupanda mpaka mlango wa ukumbi. Maji yakimwagika, unarudi chini kujaza tena. Alisema mgonjwa mwenye mguu uliovunjika anajua kila jiwe ulilokanyaga. Pia ilikupasa ujue kumwamkia mzee kwa lugha ya nyumbani kwake, kwa kuwa maumivu makali humtoa mtu Kiswahili kichwani. Vijana wa kileo walilalamika kwamba masharti hayo hayapo ukutani. Akawajibu kwamba ukuta haujawahi kubeba mgonjwa.

Mmoja wa waliomwaga maji mara nyingi ni Magreti, aliyekuwa anakuja kwa baiskeli kutoka Ulaya kila Jumamosi na kurudi jioni na nyanya zake ambazo hazikuuzika. Alirisiti Fizikia mara mbili. Mara ya pili alipofeli aliacha kuja, na Sista akanilazimisha tumfuate mpaka gulioni. Alimkuta nyuma ya nyanya, hakumsemesha habari za masomo kabisa, alinunua nyanya zote na kumwambia kwamba sasa hana kisingizio cha kubaki sokoni. Magreti alirudi. Leo ana cheti, ana stashahada, na ndiye aliyeteuliwa kukaa kwenye kiti cha nyuma cha gari letu kuanzia mwezi ujao. Wahudumu wote wa kituo hiki, wote, wana sifa zinazotakiwa, na zaidi ya nusu waliingilia ukumbi wa Kilosa. Nimeliandika hilo kwa kalamu ya kawaida lakini naomba lisomwe kwa vigelegele.

Nimalizie na zamu yake ya mwisho, Ijumaa iliyopita mchana. Simu ililia: lori la miwa limelala ubavu kabla ya daraja la Ruaha, dereva amebanwa. Niliwasha gari. Magreti na mwenzake Jastin walikwishaingia nyuma. Sista alikuja mbio kama kawaida, glavu mkononi, akashika mlango. Nafasi ilikuwepo. Magreti akasogea kumpisha. Niliona kwenye kioo Sista akimtazama Magreti, begi lililofungwa vizuri, mtungi ulioshikizwa mahali pake. Kisha akaufunga mlango kutoka nje na kuupiga kofi mara mbili, ishara yetu ya kwenda.

Nilipofika getini nikakanyaga breki kuangalia barabara, na kwenye kioo nikamwona amesimama katikati ya uwanja anapunga mkono kwa nguvu. Miaka yote hiyo hajawahi kulitazama gari hili likiondoka na mgonjwa anasubiri, kwa sababu siku zote alikuwa ndani yake, isipokuwa ile miezi mitatu ambayo hatupendi kuitaja. Siku hiyo alikuwa anatuaga, na hakuwa na shuka mkononi. Moyo ulinijaa, sioni haya kusema. Nikampigia honi ndefu ya kuaga, akazidi kupunga, nikampigia nyingine, nikaondoka na macho yamelowa.

Tulimtoa dereva wa lori akiwa hai. Alimwamkia Magreti yeye mwenyewe, ingawa ni mkubwa kwake, akidhani amekufa na hapo ni kwa malaika. Tuliporudi kituoni Sista alikuwa bado uwanjani, mikono kiunoni. Akauliza kwanza mgonjwa, akajibiwa yuko salama. Ndipo akanigeukia mimi na kuniuliza kama nimekuwa kipofu, maana alikuwa ananionyesha taa ya breki ya kushoto haiwaki, na mimi najibu kwa honi kama bwana harusi.

Sista Yusta, kwa niaba ya bodi, uongozi, wafanyakazi, wanafunzi wako wa Jumamosi, Bibi Costancia, na Filipo uliyemfunika uso, asante sana. Umetufundisha kazi na umetuachia watu wa kuifanya. Mungu akupe afya, usingizi mrefu, wajukuu wasumbufu na milima iliyojaa maharage; ishi vizuri, mama yetu, na ukisikia king'ora huko uliko, endelea na uji wako. Taa imetengenezwa.